Catching Fire: kitabu au filamu?

Kitabu cha Suzanne Collins, cha pili katika mfululizo wa The Hunger Games, kilitoka 2009, filamu ya Francis Lawrence ikafuata 2013. Kwa jumla nakipenda zaidi kitabu, kwa sababu tumefungiwa ndani ya kichwa cha Katniss, msichana anayesimulia hadithi: asichokijua yeye, nasi hatukijui. Wakiwa wanacheza dansi, Plutarch, msimamizi mkuu mpya wa Michezo ya Njaa, anamwonyesha saa yenye alama ya ndege mockingjay, nembo ya waasi. Katniss anaona majivuno ya mtu wa Capitol, mji mkuu wa watawala, tu, nasi tunapitwa pamoja naye. Filamu imeiacha saa hiyo. Imewaacha pia Bonnie na Twill, wakimbizi wa msituni, na hilo linaniuma hasa, maana wao ndio wanaotudokeza kwamba Wilaya ya 13, inayodaiwa kuteketezwa zamani, huenda ingali hai.

Lakini filamu inatufikisha asikofika Katniss, hadi kwa mjukuu wa Rais Snow, mtawala anayeogopa Katniss atachochea uasi. Binti amesuka nywele kama Katniss, na babu anauona ule msuko. Hofu ya Snow inaeleweka pale pale.

Kisha mwisho. Kitabu kinakatia kwenye habari ya Gale, rafiki wa Katniss, kwamba Wilaya ya 12, kwao, haipo tena. Filamu inabaki usoni mwa Jennifer Lawrence, anayeigiza Katniss, huzuni ikigeuka hasira bila neno. Hapo filamu imeshinda.