Kitambaa cha inchi 108 kwa mgongo wa mfarishi: ununue, au ufungue kabati?

Kitambaa kipana cha inchi 108 kina sifa moja kubwa: mgongo wa mfarishi, yaani upande wake wa chini, usio na mshono. Kwa mfarishi wa kitanda kikubwa, au unaoshonwa kwa mkono, ni unafuu wa kweli. Kwa saizi ya kati, vitambaa vya akiba vinafanya kazi hiyo vizuri vilevile, na mara nyingi vinapendeza zaidi.

Tuchukue mfarishi wa inchi 60 kwa 80. Mgongo unatakiwa uzidi inchi 4 kila upande, maana tabaka tatu (uso, pamba ya kati na mgongo) zikishonwa pamoja huhama na kuvutana. Kwa hiyo ni 68 kwa 88.

Kitambaa kipana kinafunika zile 88 kwa upana wake, hivyo unahitaji urefu wa inchi 68 tu. Yadi 2 ni inchi 72, na hapo ndipo wengi hupungukiwa. Kitambaa cha pamba kisichofuliwa kinaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Tena kitambaa hiki hukunjwa kabla ya kuzungushwa kwenye roli, na mara nyingi hukatwa kikiwa kimeenda upande. Ukikinyoosha kufuata uzi, inchi kadhaa zinapotea. Chukua yadi 2 na robo, ufue, ndipo ukate.

Sasa kabati. Kitambaa cha kawaida kikishaondolewa kingo za kiwandani hubaki na inchi 42 hivi. Vipande viwili vya 42 kwa 68, vikiunganishwa kwa nafasi ya mshono ya nusu inchi, vinatoa 83. Zimepungua 5. Usitafute kitambaa kingine kizima: weka katikati yao ukanda wa inchi 6 uliounganishwa kwa mabaki ya upande wa mbele. 42 na 6 na 42 ni 90, mishono miwili inakula 2, unabaki na 88 kamili. Kitambaa kikibaki na 40, ukanda uwe wa 10. Ukanda huo unafanya mgongo uzungumze na uso, na pia unaondoa mshono katikati kabisa, mahali ambapo mkunjo wa kuhifadhi huangukia na kuuchosha.

Kingo za kiwandani zikatwe zote, hata kama zimenyooka kiasi cha kutamanisha. Zimefumwa kwa kubana kuliko kitambaa chenyewe. Ukizishonea ndani, baada ya kufuliwa mshono unajivuta kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Shona kwa mishono mifupi, milimita 2, kisha ufungue mshono na upige pasi pande zote mbili zilale. Mshono uliolazwa upande mmoja unaacha tuta, na ukiwa unashona kwa mkono sindano inakwama hapo.

Vitambaa vya akiba huwa vya umri na ufumaji tofauti, kwa hiyo vyote vifuliwe kabla ya kuunganishwa, ama vyote viachwe bila kufuliwa. Kuchanganya ndiko kunakoleta mawimbi. Shuka za zamani na batiki zimefumwa kwa kubana sana. Kwa mashine sawa, kwa mkono zinaumiza vidole.

Kama uso ni mweupe na pamba ya kati ni nyembamba, weka tabaka tatu dirishani kabla ya kukata chochote. Ua jeusi la mgongo likionekana mbele, rudisha kitambaa hicho kabatini.