Kilo saba za mkononi: koti la baridi, furushi la kanga na mzani wa Kariakoo

Siku ya kwanza kupimiwa begi la mkononi nilikuwa nimevaa koti la baridi, Dar es Salaam, mwezi wa Januari. Anayelijua joto la Januari pale uwanja wa ndege wa Kipawa ataelewa kwamba sikuwa naumwa. Mifuko ya koti ilikuwa imejaa: chaja mbili, pawabenki, pochi ya vipodozi, na upande wa ndani pakiti ya korosho ya nusu kilo. Jasho linanitiririka huku natabasamu kama bibi harusi. Dada wa kaunta akaniangalia, akaliangalia koti, akasema kwa upole kabisa, "Pole na joto dada. Naomba na hilo begi dogo uliweke hapa."

Mzani ukasoma 8.6. Koti halikuulizwa.

Nauza viatu na mikoba Kinondoni, na kwa kazi hiyo nimepanda ndege mara za kutosha kuwa na maoni yangu kuhusu kilo za mkononi. Kwa mtalii kilo mbili ni nguo za kubadilisha. Kwangu ni jozi tatu za viatu, yaani nauli ya bodaboda ya wiki na chenji inabaki.

Wakati naandika haya, mashirika makubwa yanayotua Dar hayajapishana sana. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian wanampa abiria wa daraja la kawaida kilo 7 mkononi. Turkish wanakwenda 8. KLM wanafika 12, ila hesabu hiyo inajumlisha na mkoba wako mdogo, kwa hiyo usishangilie mapema. Sasa chukua begi la magurudumu la plastiki ngumu, lile linalong'aa dukani. Likiwa tupu lina kama kilo 3. Kabla hujaweka hata mswaki, begi lenyewe limeshakula karibu nusu ya haki yako. Hili hakuna muuzaji atakayekwambia. Yule wa mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliniapia, "Hili ni la ndege dada, inchi ishirini, unaingia nalo popote." Nyumbani nililipima kwa futi ya fundi cherehani, magurudumu na mshikio vikiwemo, nikapata sentimita 57. Emirates wanataka 55 kwa 38 kwa 22, Qatar 50 kwa 37 kwa 25. Inchi ishirini za Kariakoo ni za mwili wa begi peke yake, magurudumu ni zawadi ya muuzaji.

Hata hivyo, hizo sentimita mbili za ziada hazijawahi kunigharimu nikiondokea Dar. Ile fremu ya kupimia ukubwa sijawahi kuona mtu akiambiwa aingize begi humo. Mara moja nilikuta mtoto amekaa ndani yake anakula biskuti. Kwetu kinachosema ni mzani. Uwe na begi lililovimba kama puto lakini lina kilo sita, utapita unapiga mluzi.

Turudi kwenye 8.6 zangu. Nilikuwa nakwenda Dubai kumtembelea binamu, na begi lilikuwa na dagaa, unga wa muhogo na doti mbili za vitenge. Dada akaniambia nisogee pembeni nipunguze. Kufungua begi mbele za watu Jengo la Tatu la uwanja ni mtihani. Lile jengo limefunguliwa 2019, sakafu inameremeta, halafu wewe umechuchumaa na dagaa. Zamani mtu angechomoa mfuko wa rambo akamaliza mambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Nikatoa kanga, nikafunga furushi, nikalisukumiza kwenye begi kubwa ambalo lilikuwa limebakiwa na kilo mbili. Begi dogo likasoma 6.8, nikafungiwa tagi, nikaenda. Sikulipa hata senti. Lakini nilikasirika siku nzima, na nilipofika nilimsimulia binamu kwamba wale watu wa kaunta wana roho mbaya.

Maneno hayo niliyafuta mwenyewe mwaka uliofuata.

Safari hiyo ilikuwa ya Guangzhou, na shirika ambalo sitalitaja, kwa kubadilisha ndege njiani. Kuondoka Dar hakuna aliyenipima. Kurudi, kaunta ya Guangzhou nayo ikanipitisha, kijana hata hakuinua macho. Nikasema moyoni, hawa ndio watu. Begi langu lilikuwa na kilo kumi na kitu, nalijua kwa sababu nililibeba ngazi mbili nikasikia bega linaomba msamaha.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, nafika geti la kuja Dar, nakuta wameweka mzani katikati ya njia, na fremu ya chuma pembeni, na wafanyakazi wanne. Mageti ya jirani watu wanapita tu. Niliona uonevu, hadi nilipokaa nikatazama foleni yetu. Ndugu zangu, tuseme ukweli: ndege ya kurudi Dar ni Kariakoo yenye mabawa. Kila mtu ana begi la magurudumu, mkoba begani, na mfuko wa tatu "wa chakula cha njiani" ambao ndani yake kuna spea za pikipiki. Makabati ya juu hayawezi kumeza vyote hivyo, na wao wanajua. Mzani umewekwa pale kwa ajili yetu.

Sijalalamikia mzani. Nalalamikia kuwekwa kwake geti, nusu saa kabla ya ndege kuondoka, wakati begi kubwa limeshakwenda na huna pa kuhamishia kitu. Kaunta wangeniambia mapema ningepanga upya, kama nilivyofanya na lile furushi la kanga. Geti unalipa au unaacha. Na kulipa kwenyewe walitaka kadi, mimi nina noti za dola. Nikanusurika kwa kaka mmoja wa Mbagala aliyekuwa nyuma yangu, hatujuani, akatoa kadi yake akasema, "Nipe hizo dola dada, twende nyumbani." Nililipa zaidi ya faida ya jozi nne za viatu.

Likachukuliwa begi lishushwe chini na mizigo mingine. Nimeshaanza kuingia kwenye lile bomba la kwendea ndegeni ndipo nikakumbuka pawabenki imo ndani. Nikarudi mbio. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzifikia. Juu wahudumu wataona moshi. Ya kwangu ni ya mAh 20,000, yaani nishati ya kama saa-wati 74, iko ndani ya kikomo cha 100, kwa hiyo tatizo halikuwa ukubwa wake, ni mahali ilipokuwa. Tangu hapo inakaa kwenye mkoba wa begani, na nakushauri nawe ufanye hivyo hata kama unaamini begi lako halitachukuliwa. Litachukuliwa siku usiyotegemea.

Ndege za ndani nazo zina mambo yake. Kwenda Mwanza kwa ATR 72, ile ya mapangaboi yenye viti kama sabini, kabati la juu ni dogo kiasi kwamba begi la magurudumu haliingii hata likiwa na kilo tano. Wanalichukua pale ngazini, wanakupa tagi, unalipata mkishuka. Bure, bila maneno. Hapo napendelea kubeba begi la mgongoni la kitambaa. Kurudi kutoka Mwanza usijaribu kuingia na samaki mkononi. Wafungie kwenye boksi uwakabidhi kaunta kama watu wengine, maana harufu ya sangara haina cha kilo saba.

Zanzibar kwa Cessna Caravan ndiko hakuna mzaha kabisa. Kampuni ya ndege ndogo niliyopanda ilitoa kilo 15 kwa vyote, cha mkononi na kingine, na walitaka begi laini linalokunjika ili liingie kwenye uwazi wa tumboni mwa ndege. Uliulizwa na uzito wako mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima mbele yangu alinong'ona kilo zake, kijana wa kaunta hakusikia, akamwomba arudie, mama akasema kwa sauti ya kumpa shikamoo shetani, "Tisini na mbili, umeridhika mwanangu?" Tulicheka wote, na yeye akacheka. Ndege ya abiria kumi na wawili ikielemewa mkiani, kucheka kutaisha. Pale wakiniambia acha, naacha.

Ulinzi ni habari nyingine, usiichanganye na kilo. Unaweza kupita kaunta na kilo 6.5 halali, ukakwama kwenye mashine ya ukaguzi kwa sababu umebeba asali ya Tabora. Asali ni kimiminika. Achari ya embe pia. Kwenye safari za nje, chupa ikizidi mililita 100 inabaki, na utabaki unaitazama inavyowekwa pembeni. Iweke begi la chini, uifunge vizuri kwa utepe wa gundi na kanga kuukuu.

Kitu kilichonifaa kuliko vyote nilikinunua shilingi elfu kumi na tano Kariakoo: mzani mdogo wa kuning'iniza, wa betri, unaingia kwenye kiganja. Niliulinganisha na wa kaunta safari tatu, tofauti haijazidi gramu mia mbili. Na lile begi la plastiki nikaliuza, nikachukua la kitambaa lisilofika kilo 2. Kwa kaunta za Dar nawapa nyota nne: wanapima, lakini wanapima ukiwa bado una pa kukimbilia. Lile shirika la geti nalipatia nyota moja, na hiyo moja ni ya kaka wa Mbagala.

Mwezi uliopita nimekwenda Dubai tena. Kaunta nikaweka begi kwenye mzani kabla sijaambiwa, 6.9. Koti nimempa mdogo wangu anayefundisha Njombe, huko lina kazi.