Uzoefu wangu na pagola ya paa la luva, Mbezi Beach

Kabla ya hii, uani kwangu palishapita paa mbili: kwanza bati, baadaye karatasi za plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Zote zilizuia mvua vizuri, na zote zilitufukuza uani ikifika saa sita mchana. Bati linalishika jua na kulishusha kichwani. Ile plastiki inafungia joto chini yake. Kwa hiyo nilipofunga pagola ya alumini (kibanda cha nguzo kisicho na kuta) yenye paa la luva, kitu cha kwanza nilichokiangalia ni hewa, na kwa upande huo imeniridhisha sana.

Paa lenyewe ni luva, yaani vibao virefu vyembamba vya alumini vilivyolala sambamba, kila moja inazunguka kwenye pini zake, na zote zinavutwa na fimbo moja inayosukumwa na mota. Ukizifunga, zinapandiana ukingoni na maji hayapiti. Ukizifungua nusu, kivuli kinabaki, lakini joto linapanda na kutokea juu. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, Dar inapochemka, tofauti hiyo unaisikia shingoni. Mama mkwe wangu, ambaye zamani akimaliza kula alikimbilia feni ndani, siku hizi anatandika mkeka wake uani na kusinzia hapohapo mpaka alasiri.

Wauzaji wengi hawakuambii luva zielekee wapi, na kwetu hilo ni jambo kubwa. Picha nyingi wanazotuonyesha zimepigwa Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri liko utosini kabisa. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Linalotusumbua uani ni lile la mlalo, la mashariki asubuhi na la magharibi jioni. Luva zangu zimelazwa kaskazini–kusini. Asubuhi nazigeuza ziupe mgongo upande wa mashariki, ikipita saa nane nazigeuzia magharibi. Ukienda kununua, hakikisha zinazunguka kupita nyuzi 90, maana zinazoishia hapo zinakinga upande mmoja tu.

Masika ndiyo mtihani wenyewe. Kila luva ina kijifereji ukingoni. Maji yanakimbilia kwenye gata iliyofichwa ndani ya fremu, yanashuka ndani ya nguzo na kutokea chini. Yote hayo yanategemea mwinamo. Fundi wangu aliweka pima maji, akaacha mwinamo mdogo kuelekea nguzo mbili za nyuma, na kabla ya kukabidhi kazi akapanda ngazi na kumwaga ndoo za maji juu ya paa lililofungwa, sisi tumesimama chini tunatazama. “Mama, angalia kwenye kona,” akaniambia, “kona ndizo zinazovuja.” Usimalizie malipo kabla hujafanyiwa hivyo. Maji ya nguzo nimeyaunganisha kwa bomba mpaka kwenye simtanki. Paa langu ni mita 4 kwa 3, na milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inaniletea kama lita 600. Bustani na nguo vinapata maji bila bili.

Sasa kilichoniudhi. Kampuni iliyonifungia ilitumia skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Hapa bahari iko karibu, na chumvi haikuchelewa: michirizi ya kahawia ikaanza kushuka kwenye fremu nyeupe, rangi ikavimba kuzunguka vichwa vya skrubu, na ukikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe. Zinki ikishaisha, chuma na alumini vikagusana kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Niliwapigia simu, wakanijibu ni vumbi tu, nifute. Si vumbi. Fundi mwingine alizitoa zote, akaweka za chuma cha pua daraja la 316, aina inayostahimili chumvi, na washa za plastiki za kutenganisha skrubu na alumini, na tangu hapo pametulia. Mtu wa pwani aitake skrubu hiyo kwa maandishi, kwenye mkataba, kabla ya kutoa hata shilingi.

Mota yangu ni ya volti 24 na ina kihisi cha mvua: matone yakikigusa, luva zinajifunga zenyewe hata kama sote tumelala. Ila umeme ukikatika paa likiwa wazi na wingu limetanda, kihisi hakina msaada. Yangu nimeiunganisha na betri ya sola. Asiye na umeme wa akiba namshauri achukue ile ya kuzungusha kwa hendeli; ni rahisi zaidi kwa bei na haina vifaa vya umeme vya kuuawa na chumvi.

Mvua ya upepo inaingia kwa ubavuni, na luva hazina la kufanya. Upande wa kusini-mashariki nimeweka mapazia ya turubai ya kukunja. Majani ya mwarobaini nayo yanaziba gata, kwa hiyo inasafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli, la sivyo maji yanarudi na kudondokea mezani.

Bei ni kubwa, sitakudanganya. Fedha hiyo ingejenga banda la bati pana mara kadhaa. Kama uani kwako ni pa kuegesha gari, bati linatosha. Kwa familia inayokula nje, inayopokelea wageni nje na kuanikia huko huko, ningeinunua tena, ila ningeanzia kwenye skrubu. Halafu tenga fedha ya wavu, kwa sababu ikifika magharibi mbu wanaingia pande zote nne.