Siku 12 kwenye meli ya kuvunja barafu, visiwa vya Franz Josef: uzoefu wangu

Naanza na kitu ambacho natamani mtu angeniambia kabla sijalipa. Kuna meli za utalii zilizoongezewa chuma ubavuni ili zihimili barafu, na kuna meli za kuvunja barafu zenyewe. Ile ya kwanza ikikuta njia imeziba inazunguka au inarudi ilikotoka. Ya pili inaingia humohumo. Mimi nilipanda hii ya pili, ya Warusi, tukatoka bandari ya Murmansk mwezi wa 7 kwenda visiwa vya Franz Josef, ni vya Urusi, kaskazini kabisa karibu na Ncha ya Kaskazini, na kama una hela ya safari moja tu ya kule juu basi nakusihi tafuta hii, hata chumba kikiwa kidogo na kitanda ni cha kibaharia.

Watu wengi wanadhani inakata barafu kama kisu. Pua yake imelala, kwahiyo inapanda juu ya barafu halafu uzito wake ndo unaivunja, unausikia mtikisiko unatoka chini unapanda mpaka kwenye meno. Usiku wa kwanza ndani ya barafu usingizi ulinikimbia, nikavaa koti nikatoka saa nane usiku, jua linawaka kama saa tatu asubuhi, nikasimama kule omo, mbele kabisa ya meli, peke yangu nikiangalia chini. Mapande makubwa yanapinduka polepole, upande wa chini yana rangi ya kahawia kama chai ya rangi, baadaye tukafundishwa kwamba ni mwani unaoota chini ya barafu, na juu ya pande lililopinduka unaona visamaki vya saizi ya kidole vinarukaruka hapo. Shakwe wanajua hiyo biashara, wanaifuata meli, samaki kabla hajarudi majini keshabebwa. Nilikaa pale karibu masaa mawili, vidole vimekufa ganzi, na sikutaka kuondoka.

Ila bahari ya Barents jamani, ile ya kati ya Murmansk na visiwa. Meli za aina hii chini zimeviringwa ili barafu isizibane, sasa zikiwa kwenye maji wazi zinayumba kama kifuu cha nazi. Siku mbili za kwenda watu walilala tu. Meza dawa ya kichefuchefu kabla hujaanza kujisikia vibaya, ukichelewa haikusaidii, na uombe chumba cha chini katikati ya meli, usidanganyike na vya juu vyenye madirisha mazuri.

Visiwa vyenyewe ni 190 na ushee na sehemu kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima, wenyeji hakuna kabisa, utakuta wanajeshi na watu wa hifadhi basi. Waliovigundua ni Waaustria mwaka 1873, meli yao ilinaswa na barafu ikabebwa mpaka huko bila wao kupanga, ndo maana vina jina la mfalme wao. Tulishuka na boti za mpira kisiwa cha Hooker, ghuba inaitwa Tikhaya, yani Tulivu (nimesoma Urusi miaka 6 kwahiyo Kirusi nakimudu), pale kuna kituo cha utafiti cha Wasovieti cha 1929 kimeachwa, nyumba za mbao bado zimesimama. Askari wa hifadhi wenye bunduki wanatangulia kuangalia kama hakuna dubu, na siku moja walimkuta kweli amelala ufukweni, tukarudishwa melini wote na hakuna aliyelalamika.

Lakini kilichonigusa kuliko dubu ni gogo. Kisiwa cha Jackson, pale Nansen, mvumbuzi wa Norway aliyejaribu kufika Ncha ya Kaskazini, na mwenzake Johansen walipokaa majira ya baridi ya 1895 mpaka 1896, walichimba shimo wakajenga ukuta wa mawe, wakaezeka kwa ngozi za walrasi (mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno marefu) juu ya gogo lililoletwa na bahari, chakula chao ni nyama ya dubu. Miezi karibu 9 mule ndani. Gogo bado lipo, limekuwa jeupe kama mfupa. Limepasuka katikati na kwenye ufa umeota ukungu wa njano. Kulishika ni marufuku, nikachutama tu pembeni yake nikawaza wale watu wawili gizani, hawajui kama kuna mtu yeyote karibu, machozi yakanitoka.

Kwa Waislamu wenzangu: jua halizami kabisa, kwahiyo niliuliza kabla ya safari nikaelekezwa nifuate saa za Makka. Uzuri wake saa za Murmansk, Makka na kwetu Tanga ni zilezile, simu yangu sikuigusa. Qibla nilikuwa naenda kwenye chumba cha usukani, abiria wanaruhusiwa, afisa wa zamu ananionesha kusini iko wapi kwa wakati ule maana Makka ukiwa kule ni karibu kusini kabisa. Nyama sikula, nilikula samaki, borsh (supu ya viazi vyekundu) isiyo na nyama na grechka (nafaka inayopikwa kama wali), na mama wa jikoni alikuwa ananiita binti yangu, kila chungu ananiambia kina nini kabla sijauliza.

Sasa malalamiko. Nililipia helikopta, hela nyingi, nimeweka akiba miaka minne kwa safari hii, ukungu ukakaa siku tatu mfululizo na haikuruka hata mara moja. Ukungu ni kazi ya Mungu, sawa, lakini kampuni iliyoniuzia tiketi iligoma kurudisha hata nusu, wakanionesha mstari mmoja mdogo kwenye mkataba unaosema kuhusu hali ya hewa. Hilo wamenikosea. Walisemaje kwenye matangazo na waliandikaje kwenye mkataba ni vitu viwili tofauti, kwahiyo omba mkataba kabla ya kutoa hata senti, usome huo mstari, na helikopta kama inalipiwa peke yake iache.

Na chagua mwezi wa 7 mwanzoni. Mwishoni mwa wa 8 barafu ya bahari inakuwa imepungua sana kule, utalipa bei ya meli ya kuvunja barafu halafu siku nyingi isipate cha kuvunja.