Uzoefu wangu: GRBL kwenye meza ya CNC niliyoiunda mwenyewe

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, karakana yangu iko Mbagala, Dar es Salaam. Maua ya geti nimeyakata kwa grenda miaka yote. Mwaka huu nikaunda meza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kukatia pleti kwa plazima (moto wa umeme unaoyeyusha chuma), mita moja na nusu kwa mita moja: fremu ya skwea paipu, mota tatu za NEMA 23, draiva za DM542 za kuendeshea mota, mikanda ya GT2, puli za meno 20, na ubao wa Arduino Uno wenye GRBL, programu ya bure inayoziongoza mota. Nimeitumia miezi minne. Nitazungumzia zaidi kazi ya kuifanya itembee sawasawa, maana hapo ndipo nilipokesha.

GRBL haijui umefunga vifaa gani. Inakuja na namba zake: pulsi 250 (ishara za umeme za kusogeza mota) kwa milimita, mwendo wa milimita 500 kwa dakika, mchapuko 10 (jinsi mwendo unavyoongezeka haraka). Nilipoiagiza isogee milimita 10, daraja, ile fremu inayovuka meza na kubeba kichwa cha kukatia, lilikwenda zaidi ya 60. Huo si ubovu, ni hesabu ambayo bado hujaifanya. Mota zangu zina hatua 200 kwa mzunguko, na draiva nimeziweka zigawe kila hatua mara 8, kwa hiyo mzunguko mmoja ni pulsi 1,600. Puli ya meno 20 ikizunguka mara moja huvuta mkanda milimita 40. Ukigawa unapata pulsi 40 kwa milimita. Namba hiyo unaiandika kwenye mipangilio ya GRBL inayoitwa $100 (ya X, kushoto na kulia) na $101 (ya Y, mbele na nyuma), na milimita ya kompyuta inakuwa milimita ya futikamba.

Moto sikuwasha kwanza. Mahali pa tochi ya plazima nilifunga maka pen, nikatandika kadibodi juu ya meza, nikaanza kuchora. Anayeunda meza kama hii asiruke hatua hii, kwani kadibodi ni bure na pleti inauma mfukoni.

Mstari wa milimita 1,000 ulitoka 998. Nikapandisha $100 hadi 40.08, nikalala nikiwa na raha. Kesho yake ukatoka 996. Nikapandisha tena, na siku ya tatu ukatoka 1,001. Nilikuwa karibu kuamini kwamba programu ndiyo mbovu. Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyeliona tatizo. Tulichora duara la milimita 200, akaliinamia kwa muda, akaniambia, "Fundi, hili duara lina bapa, huku na huku." Kweli, kulia na kushoto, pale mota ya X inapogeuka kurudi, mstari ulikuwa umenyooka badala ya kupinda.

Nilichukua maka pen ileile nikapiga mstari mmoja mwembamba kwenye puli, ukavuka hadi kwenye ekseli ya mota. Nikakipeleka kichwa na kukirudisha mara kumi. Nilipoangalia, ule mstari ulikuwa umekatika: kipande cha kwenye puli kimesogea, cha kwenye ekseli kimebaki nyuma. Skrubu ndogo ya kubana puli ilikuwa inateleza. Nilipiga tupa ekseli ipate bapa la kukaliwa na skrubu, nikatia gundi ya kushika nati, nikakaza. Nikarudisha 40 kamili, na mstari wa 1,000 ukatoka 1,000. Tangu siku hiyo, kosa likijirudia vilevile naangalia namba. Likibadilika kila siku nashika spana.

Pembe mraba nilizipima kama fundi mwashi anavyopima msingi, kwa tatu-nne-tano: 600 upande huu, 800 upande ule, kona kwa kona lazima isome 1,000. Yangu ilisoma 1,004. Daraja langu linavutwa na mota mbili, moja kila upande, kwa hiyo nililegeza puli ya upande mmoja, nikalivuta daraja likae sawa, nikakaza.

Mchapuko ndio wenye faida kubwa kwa anayekata kwa plazima. Ukiacha 10 ya mwanzo, kichwa kinahitaji sentimita 12 na nusu kabla hakijafikia mita 3 kwa dakika. Ua la geti lina majani ya sentimita tatu! Tochi inatambaa kwenye kila kona, tundu linapanuka, slagi (chuma kilichoyeyuka) inaganda chini, na unarudi kulekule kwenye grenda. Kwenye 400 umbali huo unakuwa milimita 3 tu. Nilipanda taratibu, na kila namba niliijaribu kwa kupeleka kichwa na kukirudisha mara 50 kwenye alama moja. Kwenye 600 mota zilianza kukoroma, na kalamu ikarudi milimita 3 pembeni ya alama. Nikashuka hadi 400, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Weka pia $1 iwe 255, ili mota zibaki zimeshika zinaposimama.

Naipa nyota nne. Ya tano imekosekana kwa sababu GRBL haijui mota ikiruka hatua. Inaendelea kukata ikidhani iko mahali pake. Pia haiongozi urefu wa tochi, na pleti nyembamba hupinda kwa joto, kwa hiyo nasimama pale nikiitazama mpaka mwisho. Kama bado hujanunua plazima, chagua isiyowasha kwa umeme wa masafa ya juu (high frequency). Yangu inawasha hivyo, na mwanzoni kila cheche ilikata mawasiliano ya kompyuta na Arduino katikati ya kazi. Niliweka waya zenye wavu wa kuzuia mwingiliano huo, ethi zote nikazikutanisha sehemu moja, na laptopu naitumia kwa betri bila chaja. Sasa namaliza geti zima bila kukatika.