SnowRunner na Wenzake: Gemu za Magari kwa Anayeijua Barabara ya Tope

Aliyewahi kupanda kutoka Mbale kuelekea Bududa, mashariki mwa Uganda, wakati wa masika, akiwa juu ya lori la matoke, anafahamu kwamba dereva wa huko hashindani na gari jingine bali na ardhi yenyewe. Kwa kipimo hicho nimezipima gemu nne za magari ambazo nimezicheza kwa muda mrefu, na iliyonikaa moyoni kuliko zote ni SnowRunner, iliyotengenezwa na Saber Interactive na kutoka mwaka 2020.

Kazi ya mchezaji ni kufikisha mizigo, kama vile mbao na vyuma vya kujengea daraja lililovunjika, katika maeneo ya Michigan na Alaska nchini Marekani, na Taymyr kaskazini mwa Urusi. Eneo lote liko wazi, na njia unajichagulia mwenyewe. Kinachoipa gemu hii thamani ni tope lake, ambalo lina uzito: gurudumu likizunguka bila kushika linachimba, na mfereji uliochimbwa unakungoja pale pale utakaporudi na mzigo wa pili. Unaweza kufunga difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu, na kuyafanya yote yasukume, lakini mafuta yatakwisha upesi zaidi. Unaweza pia kufunga kebo ya winchi kwenye mti na kujivuta, mradi umechagua mti wenye mizizi ya kutosha.

Baba yangu aliendesha malori kwa miaka mingi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jioni moja aliketi nyuma yangu nikihangaika kulitoa lori aina ya Fleetstar kwenye tope la Black River, moja ya ramani za Michigan, nikikanyaga mafuta hadi mwisho huku gari likizidi kuzama mpaka ekseli ikafunikwa. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, toa mguu. Rudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, halafu uingie upya pembeni kwa gia ya kwanza, wala usiguse breki." Nikafanya hivyo, lori likatoka. Sijaona gemu nyingine ambamo ushauri wa dereva wa lori la matoke unafanya kazi jinsi ulivyo, bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Ina kasoro, nazo si ndogo. Mwanzoni unapewa magari yenye matairi dhaifu, na matairi ya kung'ata tope hufunguliwa baada ya kukamilisha kazi nyingi, kwa hiyo saa za kwanza zinachosha kuliko inavyostahili. Lori likipinduka karibu na mwisho wa safari ya saa nzima, uchungu wake ni wa kweli.

Anayetaka mbio hasa, katika eneo lililo wazi, namshauri achukue Forza Horizon 5 ya Playground Games, iliyotoka mwaka 2021. Mexico yake ina jangwa, msitu, mji wa Guanajuato na mlima wa volkano unaopandwa hadi kileleni, na kuipita yote kwa gari moja ni furaha kubwa. Ila ardhi yake inasamehe mno: unavunja ukuta wa mawe na kuendelea, na ukikosea kona unarudisha wakati nyuma. Tena inahitaji zaidi ya gigabaiti 100, na kwa mtu anayetegemea bando hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kulipa.

EA Sports WRC ya mwaka 2023, kutoka Codemasters, si gemu ya eneo wazi, lakini siwezi kuiacha kwa sababu ndani yake kuna Safari Rally. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nasi tuna haki ya kuyaita ya kwetu pia. Vumbi la hatua za Kenya, yaani vipande vya barabara vinavyoshindaniwa kimoja kimoja, linazuia macho kama lile la barabara zetu, na msaidizi wa dereva anayekusomea kona huwezi kumpuuza hata kwa sekunde moja. Umeme ukikatika katikati ya hatua, umeipoteza hatua hiyo yote, ilhali SnowRunner hujihifadhi yenyewe mara kwa mara.

Mwenye kompyuta dhaifu asikate tamaa. Art of Rally, inayotazamwa kutoka juu na kuchorwa kwa maumbo mepesi, inahitaji nafasi ndogo, na mwaka 2021 iliongezewa Kenya bila malipo. Magari yake yanateleza kwa namna inayofundisha kweli jinsi ya kugeuza gari kwenye udongo.

Lakini fedha ikitosha gemu moja tu, nunua SnowRunner ya kawaida na uziache zile nyongeza za misimu zinazouzwa kando. Ramani za Michigan pekee zitakuchukua wiki nyingi kabla hujazimaliza.