Alamy, Adobe Stock na Shutterstock: nani anakupa mrejesho unaoweza kuufanyia kazi?

Anayeuza picha za stoku, yaani picha zinazowekwa kwenye maktaba za mtandaoni ili wanunuzi walipie leseni, hukutana na mkaguzi kabla hajakutana na mnunuzi. Watu huzilinganisha kampuni hizi kwa mrabaha tu: Adobe Stock hulipa asilimia 33 ya bei ya picha, Shutterstock huanza na asilimia 15 na kupanda hadi 40 kadiri picha zako zinavyopakuliwa, kisha kila tarehe 1 Januari unarudishwa ngazi ya chini. Hapa tunazipima kwa jambo jingine: picha ikikataliwa, au ikikubaliwa halafu isiuzike, unaambiwa nini, na unaweza kukitumia vipi kuirekebisha potfolio yako?

Tuanze na Alamy, kwa sababu ndiyo yenye masharti magumu kuliko zote na ndiyo inayofundisha zaidi. Ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa 1999, na tangu 2020 inamilikiwa na PA Media Group. Mpiga picha mpya hupakia picha 3 za majaribio. Moja ikianguka, zote 3 zinaanguka. Baadaye pia, kosa la picha moja linaweza kurudisha fungu zima ulilopakia, na ukirudiarudia makosa foleni yako ya ukaguzi hurefuka. Wengi huona ni uonevu. Sisi tunaona ni nidhamu nzuri, maana inakulazimisha kukagua mwenyewe kabla ya kutuma.

Mkaguzi wa Alamy haulizi kama picha inapendeza. Anaangalia faili: ukungu wa fokasi, kutikisika kwa kamera, vumbi la sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga), chenga (vidoadoa vinavyoharibu usafi wa picha), kunoa kupita kiasi, na ile mistari ya zambarau au kijani kwenye kingo za vitu. Sababu anayokupa ina jina, na kila jina lina dawa yake. Mistari ya zambarau huonekana sana kwenye picha za pwani, pale makuti ya mnazi yanapokutana na anga jeupe la mchana. Funga tundu la lenzi hadi f/8 (namba ya f ikikua, tundu linapungua), washa marekebisho ya lenzi kwenye programu ya kuhariri, kisha kagua pembe nne za picha, kwa sababu tatizo huanzia pembeni na wewe unatazama katikati. Vumbi la sensa nalo hujificha kwenye f/2.8 na kujitokeza kwenye f/11 na f/16, hasa angani na juu ya maji tulivu. Kulitafuta ni rahisi: weka f/16, ondoa fokasi, piga ukuta mweupe, kisha ongeza kontrasti kwenye kompyuta. Madoa yote yatakuja juu.

Kipimo cha ukubwa huwachanganya wengi. Alamy hutaka faili lisilopungua MB 17 likiwa limefunguliwa, si uzito wa JPEG ulioko kwenye diski. Kila pikseli huchukua baiti 3, kwa hiyo picha ya 3000 kwa 2000 hufunguka kwa MB 17 na kidogo; inapita kwa ukucha. JPEG yake inaweza kuwa na MB 3 tu na isiwe na shida yoyote. Ukilijua hili unapata njia halali ya kuokoa picha yenye ukungu kidogo: ya kamera ya megapikseli 24, yaani 6000 kwa 4000, ipunguze hadi 4243 kwa 2828. Zinabaki megapikseli 12, mara mbili ya wanachotaka Alamy na mara tatu ya megapikseli 4 wanazotaka Shutterstock na Adobe, na chenga nyingi zinamezwa. Picha iliyokosa fokasi kabisa haiokoki hivyo. Usifanye kinyume pia: kuikuza picha ndogo huacha alama ambazo mkaguzi huzitambua haraka.

Shutterstock, iliyoanzishwa New York mwaka 2003, nayo hutaja sababu kwa majina: fokasi, chenga, mwanga, hakimiliki, picha zinazofanana, kichwa cha picha, maneno ya utafutaji, fomu ya ridhaa. Orodha hiyo peke yake ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Udhaifu wake ni kwamba sababu inataja ugonjwa bila kutaja mahali unapouma. Ukiambiwa «fokasi», huambiwi kama kosa liko kwenye jicho, mkono au mandhari ya nyuma. Chukua sahani ya pilau iliyopigwa kutoka pembeni kwa f/1.8: punje za mbele ni kali, nyama na kachumbari ni ukungu mtupu. Kwenye simu inavutia. Mkaguzi anaona chakula ambacho sehemu yake kubwa haimo kwenye fokasi. Piga upya kwa f/5.6 au f/8, kamera ikiwa kwenye stendi, fokasi ikiwekwa theluthi ya mbele ya sahani. Kuituma ileile tena ukitumaini mkaguzi mwingine ni kupoteza muda, hata kama mara mojamoja inapita, kwa sababu kilichopita ni picha ambayo mnunuzi ataiona na kuiacha.

Chenga nazo hueleweka vibaya. Watu hulaumu ISO, yaani kiwango cha hisi ya kamera kwa mwanga, lakini mara nyingi chenga huletwa na kuhariri: picha imepigwa giza, kisha vivuli vinavutwa juu hadi mwisho. Picha ya ISO 800 yenye mwanga sahihi ni safi kuliko ya ISO 200 iliyoongezwa mwanga hatua tatu wakati wa kuhariri. Programu za kuondoa chenga zikizidishwa huifanya ngozi ya mtu iwe kama plastiki, na hilo nalo linakataliwa.

Sababu ya hakimiliki ndiyo inayowashangaza sana wapiga picha wa kwetu, kwa sababu mitaa yetu imejaa alama za biashara. Kibanda cha wakala wa M-Pesa, chupa ya soda mezani, nembo kwenye tangi la bodaboda, jezi ya timu ya mpira, michoro kwenye matatu, mchoro wa Tingatinga ukutani: vyote ni mali ya mtu. Kwa leseni ya biashara, yaani picha itakayotumika kwenye matangazo, futa nembo au usipige. Ukitaka kuviacha, peleka picha kama ya editoria, yaani ya kuonyesha habari au maelezo, si ya kutangaza, na kwa Shutterstock maelezo yaanze na mji, nchi, na tarehe kamili, halafu sentensi inayosema kinachotokea bila kukipamba. Adobe hupokea editoria finyu tu, ya bidhaa na chapa. Picha za matukio ya habari si mahali pake. Alamy ndiyo pana zaidi hapa, kwani hupokea picha za watu na mitaa bila fomu ya ridhaa mradi useme wazi kwamba fomu haipo.

Kwa mtu anayetambulika kwenye picha ya biashara, fomu ya ridhaa haikwepeki, na mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Isainiwe palepale siku ya kupiga. Kumtafuta mama wa genge miezi miwili baadaye ni kazi nyingine kabisa.

Adobe Stock ilizaliwa 2015 baada ya Adobe kuinunua Fotolia. Kwa mrabaha na kwa urahisi wa kupakia tunaipenda; kwa mrejesho ni ya mwisho kati ya hizi tatu. Mara nyingi jibu ni «matatizo ya ubora», likifuatwa na orodha ndefu ya mambo yanayoweza kuwa ndiyo sababu, kuanzia mwanga hadi rangi zilizokolezwa mno. Hapo huna budi kuwa mkaguzi wako mwenyewe. Fungua picha kwa asilimia 100, anza juu kushoto, shuka kwa mistari hadi chini kulia, andika unachokiona. Kama huoni kosa lolote la faili, tazama rangi: kijani cha majani kinachong'aa kama rangi ya kopo na machweo yaliyotiwa chungwa hadi ngozi za watu zikabadilika ndivyo visababishi vya kawaida. Adobe pia huchukulia kwa uzito picha zinazofanana. Mashua moja machweoni, fremu 12, haziwi picha 12 za kuuza. Bakiza 3: ya mlalo, ya wima, na moja yenye nafasi tupu ya kuwekea maandishi. Hiyo ya tatu ndiyo anayoitafuta mtu wa matangazo, na ndiyo inayokosekana kwenye potfolio nyingi tulizokagua.

Sasa, picha ikishapita, wakaguzi wa kampuni zote tatu wananyamaza. Hakuna atakayekuambia kwamba potfolio yako ina machweo 300 na haina hata picha moja ya fundi cherehani, muuguzi zahanati au mwanafunzi na daftari lake. Hapa Alamy inazipita nyingine kwa mbali, kwa kile chombo chake cha takwimu kinachoitwa Alamy Measures. Kinakuonyesha maneno ambayo wanunuzi waliyatafuta, picha zako zilionekana mara ngapi, na mara ngapi mtu alibofya kuikuza. Picha zilizoonekana mara 400 na kukuzwa mara 2 zina kiwango cha asilimia 0.5. Ukijua kukisoma, chombo hiki kinasema mengi. Kuonekana mara nyingi bila kukuzwa humaanisha ama maneno uliyoweka yanaivuta picha mahali pasipo pake, ama picha haisomeki ikiwa ndogo. Kutoonekana kabisa ni dalili ya maneno kupungua au kukosewa. Kukuzwa bila kununuliwa kunataka uitazame upya kwa ukubwa kamili na kuilinganisha na za jirani zake kwenye ukurasa uleule wa matokeo.

Mengine yote lazima uyapate kwa watu, yaani wapiga picha wenzako, na hapa ubora hutegemea jinsi unavyoomba. Mtu akituma kiungo cha picha 900 na kuuliza «mnaionaje kazi yangu?» atajibiwa «kali sana kaka», basi. Chagua picha 15 hadi 20. Sema ziko kampuni gani na unamlenga mnunuzi gani: mchapishaji wa vitabu vya shule, shirika la afya, kampuni ya utalii. Weka vichwa na maneno ya utafutaji pamoja na picha, kwa sababu nusu ya makosa yamo humo. Weka na zilizokataliwa pamoja na sababu zilizotolewa. Kisha uliza swali moja, kwa mfano: «Nikitaka kuongeza picha 50 za soko la samaki, nini kinakosekana hapa?»

Anayetoa maoni naye aanzie kwenye faili, aende kwenye soko, amalizie kwenye maneno. Ataje namba ya picha, mahali na dawa: «Picha ya 4, fokasi imekaa kwenye sikio, si jicho, ulikuwa na kasi ya shata ya 1/60 na lenzi ya milimita 85, panda hadi 1/200.» Hili mwenzako atalifanyia kazi jioni ileile. «Haina hisia» halimsaidii, na kwa dada au kaka anayeanza linavunja moyo bure. Kama unaona picha haitauzika, onyesha kwa nini: tafuta neno lake kuu kwenye Adobe Stock, mwonyeshe kwamba matokeo ya kwanza yana watu wanaofanya kazi na yake ina watu wanaotazama kamera.

Kwenye maneno, wakaguzi wa ng'ambo hawawezi kutusaidia, na hapo ndipo mrejesho wa wenzetu una thamani kubwa kuliko kokote. Adobe huruhusu maneno 49 na hutaka ya maana zaidi yatangulie. Shutterstock na Alamy huruhusu 50, na Alamy hukuachia uchague 10 yawe makuu. Wanunuzi wengi hutafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya Kiingereza hayaepukiki. Lakini ngalawa yenye matengo mawili ikiandikwa «dhow» peke yake, mhariri wa kitabu cha jiografia aliyeandika «ngalawa» hataiona. Weka yote mawili. Weka mandazi, ugali, kanga, bodaboda, bajaji. Mwanamume yeyote mwenye shuka asiandikwe Mmasai kama ni Msamburu, na mji utajwe ulivyo, Lamu au Bagamoyo, badala ya «Afrika» tupu. Kosa la namna hii huishi miaka kwenye matokeo ya utafutaji, na linauzwa pamoja na picha.

Anayepokea maoni asijibu kwa kueleza mazingira ya siku ile, mnunuzi hatayajua. Asibadilishe potfolio nzima kwa usiku mmoja pia. Chukua picha 10, rekebisha vichwa na maneno kama ulivyoshauriwa, ziache miezi mitatu, halafu zilinganishe na 10 za aina ileile ambazo hukuzigusa. Ushauri wa watu wawili ukipingana, fuata ule unaoungwa mkono na takwimu za Alamy.

Kwa hiyo tunamshauri anayeanza apeleke zile picha 3 Alamy kwanza, hata kama mauzo anayatarajia kwingine. Akishapita huko, Shutterstock na Adobe hazitamsumbua sana kwa faili, na kilichobaki ni hakimiliki na picha zinazofanana. Anayetegemea simu pekee aanzie Shutterstock au Adobe, apige mchana kwenye kivuli chepesi, asitumie zumu ya kidijitali, na akague kila picha kwenye skrini ya kompyuta kabla ya kuituma, kwa sababu skrini ya simu huficha karibu kila kosa lililotajwa hapa.